Jeki ya giaboksi ya lori: tani sio kila kitu

Mtu akitaka kununua jeki ya giaboksi swali la kwanza huwa "inabeba kilo ngapi", sio swali baya, ila kwa anayefungua lori mwenyewe bila vifaa vya gereji kubwa mimi naona kinachomkwamisha mara nyingi ni urefu wa jeki na kichwa chake, yaani ile sehemu ya juu inayobeba giaboksi.

Uzito tuumalize haraka. Giaboksi ya manuali ya pikapu mara nyingi iko kilo 40 mpaka 80 hivi, otomatiki yenye oili yake pamoja na ile giaboksi ndogo ya 4x4 inayofungwa nyuma yake inaweza kupita 100, halafu malori makubwa yenye gia 10 au 16 hapo unaongelea kilo 300 hivi, nyingine zaidi. Kwa hiyo nusu tani inatosha pikapu, lori kubwa chukua tani moja kwenda juu, usichukue inayolingana na mzigo kabisa.

Sasa urefu. Jeki ziko aina mbili kubwa: ile fupi inayotambaa sakafuni na ile ndefu yenye nguzo inayopanda wima. Hiyo ndefu ni ya wenye lifti au shimo, kama unalala chini kwenye kipande cha boksi achana nayo, hata haiingii. Na hiyo fupi usiangalie tu inapanda mpaka wapi, angalia ikishushwa mwisho inabaki sentimita ngapi, maana giaboksi ikishatoka kwenye injini inatakiwa ishuke yote halafu ipite chini ya chasisi ndo itoke nje. Chukua futi kamba: kama giaboksi ina kimo cha sentimita 55 pale kwenye kengele ya klachi (ile sehemu pana ya mbele inayofunika klachi) na jeki imebaki 20, unahitaji zaidi ya 75 kati ya sakafu na chasisi, na usisahau ngazi na tangi la mafuta vinavyoning'inia upande huo. Isipotosha unanyanyua lori juu ya stendi imara, magurudumu yaliyobaki chini umeyawekea kabari, na jeki ya giaboksi yenyewe usiitumie kunyanyulia gari hata kidogo.

Kichwa ndo pesa yako inapoonekana. Injini nyingi zimefungwa zikiinama kidogo nyuma, kwa hiyo giaboksi lazima ije na mlalo uleule, la sivyo meno ya shafti hayaingii kwenye pleti ya klachi. Tafuta kichwa kinachoinama mbele nyuma NA kushoto kulia kwa skrubu za kuzungusha, kiwe na cheni au mikanda ya kufungia. Hapo ndo watu wanaharibu, shafti imeingia nusu, kichwa hakiinami, wanaacha giaboksi ining'inie kwenye pleti huku wanatafuta boliti, pleti inapinda na klachi mpya inaanza kutetemeka siku ya kwanza. Kama ni otomatiki weka ubao chini ya sampu, ile bakuli ya oili iliyo chini, bati lake ni jepesi.

Kuna kichwa cha kuchomeka juu ya jeki ya kawaida ya magurudumu, kwa giaboksi ndogo sio mbaya, ila mkono wa jeki ile haupandi wima, unapiga tao, so kadri unavyopandisha mzigo unasogea, na magurudumu yakigoma kuzunguka utapambana nao.

Ukiwa dukani ijaribu. Weka mzigo juu, pandisha, iache dakika kumi, ikishuka yenyewe sili (raba zinazozuia oili) zimechoka. Fungua vavu ya kushushia taratibu uone kama inashuka kidogo kidogo au inadondoka puu. Magurudumu yawe ya chuma na mapana, na kama sakafu yako ni udongo tandika bati nene, bila hivyo yanazama.

Jambo moja jeki haitakusaidia: pikapu nyingi na baadhi ya malori mguu wa nyuma wa injini umefungwa kwenye giaboksi, kwa hiyo kabla hujaitoa tafuta cha kuishikilia injini, jeki nyingine na gogo la mbao linatosha.