Jinsi ya Kuificha Runinga Sebuleni kwa Paneli za Fito Zinazoteleza

Runinga iliyozimwa ni bapa jeusi ukutani ambalo huvuta macho kuliko kitu kingine chochote sebuleni. Wanaoniomba niwafichie hawaichukii runinga. Wanachotaka ni mgeni akikaribishwa aone sebule kwanza. Nimemaliza hivi karibuni kumfungia jirani yangu paneli za aina hii, na maswali aliyoniuliza wakati wa kazi ndiyo yaliyonifanya niandike hatua hizi, ambazo zinahusu nyumba ya kawaida ya tofali hapa pwani.

Njia ni nyingi, lakini ninayoipendekeza ni moja. Milango ya bawaba hufunguka kuelekea kwenye makochi na kumziba anayekaa pembeni asione. Kabati lenye mota ya kuipandisha runinga ni zuri hadi siku mota inapokufa, kwa kuwa vipuri vyake havipatikani kwa urahisi na runinga hubaki imefungiwa ndani. Paneli mbili za fito za mbao zinazoteleza kwenye reli hazina taabu hizo, na mtoto anaweza kuzifungua kwa mkono mmoja. Katikati inakaa runinga, na kila upande yanakaa mashubaka. Paneli zikifungwa, runinga hufichika na mashubaka huonekana. Zikifunguliwa, hufunika mashubaka. Ukuta wa zidaka katika nyumba za kale za mawe za Lamu ulipambwa kwa vyombo vya kaure, na mashubaka haya yanafaa kwa kazi hiyohiyo.

Hatua ya 1: Vipimo

Pima runinga yenyewe kwa futi kamba, wala usitegemee inchi zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu hizo ni za kioo kutoka pembe hadi pembe. Runinga ya inchi 43 huwa na upana wa takriban sentimita 96 na kimo cha takriban sentimita 56 bila miguu. Ongeza sentimita 10 kila upande kwa ajili ya hewa, nafasi ambayo vijitabu vingi vya watengenezaji huitaka, na utapata uwazi wa sentimita 116 kwa 76. Mashubaka yawe na upana wa sentimita 58 kila upande. Ukijumlisha mbao 4 za kusimama zenye unene wa sentimita 2 kila moja, fremu nzima inafika sentimita 240, na kila paneli inakuwa na upana wa sentimita 60. Kina cha sentimita 22 kinatosha kwa runinga iliyofungwa kwenye kishikio bapa cha ukutani, pamoja na king'amuzi na waya zake.

Ikiwa ukuta wako haufiki sentimita 240, usilazimishe mpango huu. Tengeneza fremu nyepesi, uivike kanga, na uisimamishe mbele ya runinga. Kwa nyumba ya kupanga, ambamo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, hiyo ndiyo njia ya heshima.

Hatua ya 2: Mbao

Tumia mninga. Mbao yake hutulia ikishakauka, haipindi ovyo, na randa hupita juu yake bila kuhangaika. Mvule pia unafaa. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, siikubali katika nyumba iliyo karibu na bahari, hata ikiwa imebandikwa karatasi nzuri kiasi gani, kwa sababu unyevu huingia kwenye kingo zake, ubao ukavimba, na paneli iliyovimba haitelezi tena. Mbao zikishanunuliwa, ziache zikae sebuleni humo kwa wiki 2 kabla ya kuzikata.

Hatua ya 3: Fremu na reli

Funga fremu ukutani kwa pimamaji. Reli iwe ya juu, paneli zining'inie kwenye magurudumu. Reli ya chini hujaa mchanga. Fito ziwe na upana wa sentimita 2, na uwazi kati yake uwe sentimita 1.2. Unene wake usizidi sentimita 1, na sababu yake inafuata.

Hatua ya 4: Rimoti na hewa

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, na ndipo saa nyingi hupotea ikiwa hatua hii itaachwa hadi mwisho. Unapotazama runinga, paneli zimefunguka na zimefunika mashubaka, na king'amuzi kimo ndani ya shubaka mojawapo. Maana yake ni kwamba amri ya rimoti haina budi kupenya kwenye fito kila jioni.

Kwanza, ijue rimoti yako. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe, na uangalie kioo cha simu. Ukiona nuru ndogo nyeupe au ya zambarau ikimetameta kwenye ncha ya rimoti, rimoti hiyo hutumia miale ya infraredi, yaani nuru isiyoonekana kwa macho, ambayo haipenyi ubao. Nasema kamera ya mbele kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi huichuja miale hiyo, na mtu akaamini kwamba rimoti ni mbovu. Ikiwa hakuna nuru kabisa ilhali betri ni nzima na king'amuzi kinaitika, huenda rimoti hiyo hutumia bluetooth, nawe unaweza kuruka aya mbili zinazofuata.

Sasa unene wa fito. Mtu aliyekaa mbele ya paneli huona moja kwa moja kati ya fito, lakini aliyekaa kwenye kochi la pembeni hukutana na mbavu za fito. Kwa uwazi wa sentimita 1.2, fito yenye unene wa sentimita 2 huziba kabisa mara anayeshika rimoti anapokaa pembeni kwa zaidi ya nyuzi 31; ikiwa na unene wa sentimita 1, nafasi hiyo hufika nyuzi 50, ambayo hutosha kwa makochi mengi. Fito za kulala zingeondoa tatizo hili, kwa kuwa wote hukaa kwa kimo kinachokaribiana, lakini hukusanya vumbi mno.

Kisha kisogeze king'amuzi kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka jicho lake litazame uwazi na si fito, halafu funga kizuizi kwenye reli ili paneli isimame mahali palepale kila inapofunguliwa. Bila kizuizi, rimoti itafanya kazi leo na kugoma kesho, na hakuna atakayejua kwa nini. Mweke mtu kwenye kila kiti ajaribu. Kiti kimoja kikishindwa, nunua jicho la nyongeza lenye waya: kipokezi chake hubandikwa kwenye ukingo wa fremu, mbali na jua la dirishani, na ncha ya pili hubandikwa juu ya jicho la king'amuzi. Usiondoe karatasi ya gundi kabla hujaijaribu, kwa kuwa kukosea kwa milimita chache kunatosha kuinyamazisha.

Kuhusu hewa, wapo wanaofunga paneli huku runinga ikisoma habari au Kurani, kwa hiyo joto lazima lipate njia. Acha uwazi wa sentimita 5 chini na juu ya kila chumba cha fremu, na uvike nyavu ya chuma yenye matundu madogo ili mende na mijusi wasiingie. Usipandanishe king'amuzi na kifaa kingine. Feni ndogo ya volti 5 ikichomekwa kwenye tundu la USB la runinga, katika runinga nyingi hujiwasha na kujizima pamoja nayo. Jaribio ni kuwasha vyote, kufunga paneli, na kurudi baada ya saa 2. Mgongo wa runinga ukiwa wa moto kiasi cha kuondoa mkono, ongeza uwazi wa juu.

Hatua ya 5: Waya

Kuhamisha soketi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Kilinda umeme kikae mahali ambapo mkono unafika bila kufungua skrubu.

Hatua ya 6: Umaliziaji

Piga msasa, kisha vanishi isiyong'aa, kabla ya kupachika fito, kwa kuwa baadaye brashi haifiki katikati yake. Kila baada ya miezi michache safisha nyavu na feni kwa brashi kavu, na ukaze skrubu za reli wakati huohuo.