Mbegu Iingie Shambani na Mlinzi Wake

Ukikuta mche wa mahindi umelala, shina limesinyaa pale linapotokea udongoni, ujue umechelewa. Ung'oe uutazame. Mizizi ni ya kahawia na laini, na ukiivuta ganda linavuka lote, unabaki na uzi mwembamba wa katikati. Hapo pithiamu, rizoktonia au fuzari, vimelea vya udongoni vinavyoozesha mizizi, vimeshafanya kazi yake, na hakuna dawa itakayourudisha. Ndiyo maana karibu yote ninayoeleza hapa hufanyika kabla ya mbegu kufukiwa.

Mimi natumia trikoderma, kuvu rafiki iliyomo kwenye udongo mwingi, ila ile ya asili peke yake mara nyingi haitoshi. Mwaka 1932 Richard Weindling alieleza jinsi inavyoshambulia kuvu nyingine. Nyuzi zake huukuta uzi wa rizoktonia, huuzunguka kama mmea utambaao unavyoukumbatia mti, kisha hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta wake na kufyonza kilichomo ndani. Juu ya hayo, hujaa kwenye mzizi na kumnyima adui nafasi na chakula, na mmea wenyewe huamsha kinga zake. Lakini ni kiumbe hai. Ukiishika kama unavyoshika dawa ya kemikali, utaiua.

Hilo nililipia msimu wa kwanza. Nilichukua mbegu zenye rangi nyekundu nikazipaka trikoderma vizuri sana, bila kujua kwamba rangi ile ilikuwa ishara ya dawa ya ukungu iliyokwisha pakwa. Kwenye bonde la shamba, maji yanapotuama, miche ililala mistari mizima. Iliniuma. Tangu hapo naulizia mbegu ambazo hazijapakwa dawa, na kwenye pakiti ya trikoderma nasoma mambo mawili kabla ya lolote: tarehe ya mwisho wa matumizi, na idadi ya spora hai (chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana nazo) kwa kila gramu. Pakiti iliyokaa juani siichukui.

Kupaka ni kazi ya asubuhi ya siku ya kupanda, kivulini. Natia mbegu kwenye beseni, nanyunyiza maji kidogo yaliyokorogwa na sukari au uji mwepesi wa wanga ili unga ushike. Ganda lilowe tu, mbegu zisielee. Kisha unga wa trikoderma: unga ninaotumia ni gramu 10 kwa kilo 1 ya mbegu, lakini wako ukisema vingine, fuata wako. Geuza taratibu kwa mikono, usisugue. Chukua punje moja uitazame karibu, hasa kwenye ncha ilikoshikia gunzi, maana mzizi wa kwanza huchomoza upande huo. Pakiwa hapajashika unga, endelea kugeuza. Zitandaze kivulini nusu saa hivi zisigandamane, kisha panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Mbolea ya chumvichumvi isigusane na mbegu.

Ngano na mtama ni vivyo hivyo, ila punje ni ndogo, kwa hiyo punguza maji zaidi.

Kama shamba lina historia ya kuoza mizizi, usiishie kwenye mbegu. Changanya kilo 1 ya trikoderma na kilo 100 za samadi iliyokwisha kuoza. Unyevu upime kwa ngumi: ukiifinya ishikamane, isidondoshe maji. Funika kwa magunia kivulini, geuza kila baada ya siku 3 au 4, nyunyiza maji ikikauka. Baada ya wiki moja hadi mbili utaona nyuzi nyeupe, kisha ukijani. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye mifereji ya kupandia. Ila tafadhali sana: ukijani kwenye samadi hii usiufananishe na ukungu wa kijani kwenye punje ghalani. Ule unaweza kuwa na sumukuvu, na punje hizo haziliwi.

Baada ya hapo, usimwagie shina dawa ya ukungu kama kabendazimu, kwani huiua trikoderma. Na udongo ukiwa baridi, chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi hivi, kuvu hii hukua polepole mno, hivyo usiitegemee sana. Kutu ya majani haiiponyi, wala magonjwa ya virusi. Anayekuuzia kwa ahadi hizo anakudanganya.

Acha mistari miwili bila kupaka, katikati ya shamba, si pembeni. Siku ya 14 hesabu miche iliyosimama pande zote mbili, kisha ng'oa mitano mitano, osha mizizi kwenye ndoo na uilaze sambamba juu ya gunia. Angalia weupe wa mizizi na wingi wa vijizizi vidogo vya pembeni. Mimi huamua kiasi cha kununua msimu unaofuata hapo hapo, nimechuchumaa juu ya lile gunia.