Kuanza shamba dogo ukiwa umechoka kusubiri

Wengi tunaoanza kulima ukubwani hatukimbilii mavuno peke yake. Mimi nilishika jembe wakati kila jambo langu lilikuwa mezani kwa mtu mwingine: barua ya kazi, jibu la maombi, ile ahadi ya "tutakupigia". Nilitaka japo kitu kimoja ambacho kikichelewa nitajua kwa nini kimechelewa, na nitajua la kufanya. Kama nawe umesukumwa na hamu ya namna hiyo, basi ushauri wangu ni huu: kabla hujachagua mazao, panga muda wa kusubiri. Shamba lako liwe na kitu cha wiki chache, kitu cha miezi na kitu cha miaka. Moyo uliochoka hauishi kwa ahadi ya mbali tu, na ukipewa vya karibu peke yake unachoka tena upesi.

Anza na eneo dogo. Mita 10 kwa 10 zinamtosha mtu mmoja mwenye jembe la mkono na shughuli nyingine. Ekari moja ina mita za mraba zaidi ya 4,000, yaani mara 40 ya hapo, na magugu yake hayatangoja upate nafasi. Kipande kidogo kilichopaliliwa chote kinakupa nguvu ya kurudi kesho. Shamba kubwa lililomezwa na majani linakukatisha tamaa kila ukilitazama.

Piga hesabu ya maji mapema, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mboga nyingi huhitaji karibu milimita 25 kwa wiki, kwa hiyo zile mita za mraba 100 zako, mvua isiponyesha, zinataka lita 2,500 kila wiki. Hayo ni madumu 125 ya lita 20. Ukilima mita za mraba 20 tu wakati wa kiangazi, inakuwa madumu 25, kazi ambayo mtu anaweza kuigawa kwa siku saba. Paa nalo lisaidie: la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 10 hukupa karibu lita 300. Mwagilia asubuhi, taratibu, chini kwenye shina, maji yazame. Kunyunyizia juujuu kila siku huifanya mizizi ibaki juu, na jua kali likija mmea hauna pa kushika.

Udongo upime kwa mkono. Chota kiasi cha konzi, uloweshe kidogo, kisha uminye kati ya dole gumba na kidole cha shahada utengeneze utepe. Wa kichanga unakatika papo hapo. Wa mfinyanzi unatoa utepe mrefu unaopita sentimita 5. Halafu chimba shimo la sentimita 30, ulijaze maji, yakiisha ujaze tena. Kama maji ya pili bado yamesimama kesho yake, panda juu ya matuta. Zaidi ya hapo usihangaike sana: kichanga kisichoshika maji na mfinyanzi usioyapitisha, vyote viwili dawa yake kubwa ni mboji.

Basi mboji ianze siku ileile unayofyeka. Lundo lisipungue mita moja kila upande, maana dogo halishiki joto. Weka tabaka za vitu vikavu, kama mabua na majani makavu, na tabaka za vibichi, kama majani mabichi, maganda na samadi. Vikavu viwe mara mbili hadi tatu ya vibichi kwa ujazo. Nyunyizia maji mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone mawili matatu. Choma kijiti hadi katikati ukiache humo. Baada ya siku kadhaa kichomoe ukishike: lundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi, na kijiti kitakuwa moto kweli mkononi. Nalipenda sana jambo hili, kwa sababu ndilo jibu la kwanza shamba litakalokupa, kabla hata mbegu haijaingia ardhini. Lisipopata joto, ongeza maji na vibichi. Likinuka vibaya, maji yamezidi. Changanya vikavu ulipindue. Samadi mbichi usiipeleke moja kwa moja kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa, maana hubeba vimelea.

Kwa zao la wiki chache, panda figili au mchicha. Figili huwa tayari kwa siku 25 hadi 30 hivi, na mchicha hauko mbali na hapo. Usimwage mbegu zote siku moja. Panda mstari mfupi, na baada ya wiki mbili mwingine, ili daima kuwe na kinachokaribia. Mbegu ambazo zimekaa zijaribu kwanza: funga 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, uone ngapi zitaota. Zikiota 5, panda mara mbili ya kawaida. Zifukie kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Za mchicha ni ndogo mno, udongo mwembamba unatosha. Kisha ukubali kupunguza miche. Najua inauma kung'oa kilichoota wakati umekaa muda mrefu ukingoja kitu kiote, lakini figili zikisongamana hutoa majani matupu.

Kwa zao la miezi, kunde au maharage. Mikunde inapoanza kutoa maua, chimbua mche mmoja kwa uangalifu na uukung'ute. Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Wakati wa kuvuna kata mashina, mizizi ibaki ardhini ioze humo. Msimu unaofuata weka hapo zao la jamii nyingine. Na usifuatanishe nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo: ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa yaleyale.

Mti upande msimu wa kwanza, usingoje "mambo yatulie". Chukua mche wa tunda lililozoea hali ya hewa yako, ikiwezekana uliobebeshwa, yaani kikonyo cha mti mzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, kwa kuwa huzaa mapema kuliko uliotokana na mbegu. Kile kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo. Shimo liwe pana kuliko kina. Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, ya sentimita 5 hadi 10 yauzunguke bila kugusa shina, lisije likaoza. Miaka ya mwanzo kivuli chake ni kidogo, kwa hiyo maharage yanaweza kuendelea kando yake.

Palizi ifanye magugu yakiwa bado na majani mawili matatu. Wiki za mwanzo za zao ndizo za hatari.

Kuna asubuhi utaamka huna nguvu ya chochote. Kwa siku hizo weka kazi za dakika chache: kupindua upande mmoja wa lundo, kuandika daftarini mvua ya jana na tarehe mbegu zilipochomoza. Kama huzuni imekulemea kiasi cha kushindwa kuamka kabisa, tafuta mtu wa kuzungumza naye na umwone mtaalamu wa afya; jembe litangoja.

Msimu wa kwanza usikope, wala usiache kazi inayokulisha. Lima kwa akiba unayoweza kuipoteza bila watoto kulala njaa. Na eneo uliongeze pale tu utakapomaliza msimu mzima bila magugu kukutangulia, kwa tuta moja au mawili kila mara.