Ukienda Madrid kula chakula cha asili: chagua sahani kwanza, mgahawa baadaye

Watu wengi wakifika Madrid wanatafuta "mgahawa wa Kihispania", na hapo ndo wanapoanza kupotea, maana Hispania kila mkoa una jiko lake, Galicia wana yao, Asturias yao, Valencia, Andalusia, Castilla, nchi ya Basque, na kwa vile Madrid ni mji mkuu na watu wamehamia kutoka pande zote kwa miaka mingi, kila mmoja amekuja na sufuria zake. Kwa hiyo amua kwanza leo unataka kula nini. Ukitaka pweza nenda kwa watu wa Galicia, ukitaka maharage nenda kwa watu wa Asturias, ukitaka nyama ya tanuri tafuta nyumba ya chakula ya watu wa Castilla. Ukikuta menyu ya kurasa nane iko mlangoni, kila sahani na picha yake, ndani kuna paella, pizza, supu na baga, afu kijana amesimama nje anakuvuta uingie, wewe pita tu.

Kabla ya chakula tuongee saa, kwa sababu jiko la kule lina muda wake na halikusubiri. Mchana wanafungua kama saa saba na nusu, wenyeji wenyewe wanaingia saa nane kwenda saa tisa, na ikifika saa kumi jioni jiko limefungwa. Usiku hata usihangaike kabla ya saa mbili na nusu, na ukiona mgahawa umejaa saa kumi na mbili jioni ujue wote mle ni wageni. Sehemu nyingi za zamani hazifungui Jumapili usiku, nyingine zinafunga Jumatatu nzima, na mwezi wa nane ndo kabisa, wenye migahawa ya familia wanafunga wiki kadhaa wanaenda kupumzika. Na mlo mkubwa wa siku ni wa mchana, sio wa usiku. Ukilijua hilo tu utakula vizuri zaidi na kwa hela ndogo.

Hela ndogo kwa sababu ya kitu kinaitwa menú del día. Hii ilianza miaka ya 1960 serikali ilipolazimisha migahawa iwe na mlo wa bei moja kwa ajili ya watalii, leo watalii wenyewe hawaijui sana ila wafanyakazi wa maofisini ndo wanaishi nayo. Unapata sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na tunda au kitamu au kahawa, vyote kwa bei moja, sehemu nyingi kati ya euro 12 na 16, mchana siku za kazi. Angalia ubao ulioandikwa kwa chaki, ule unaobadilika kila siku. Kama umeandikwa Kihispania peke yake na mle ndani kuna mafundi na makarani wamekaa, ingia. Muulize weita "¿qué hay de cuchara?", yani leo kuna nini cha kulia kijiko, hapo atakutajia dengu, maharage, mchuzi wa viazi, vitu vilivyokaa motoni asubuhi nzima.

Sasa sahani ya Madrid yenyewe, cocido madrileño. Hii ukiwa na siku moja tu ya kula kwa nafasi ndo ule, na ule mchana, na ikiwezekana wakati wa baridi. Ni dengu zile nene (garbanzos) zimepikwa taratibu pamoja na nyama ya ng'ombe, kuku, mfupa wenye uboho, mafuta ya nguruwe, chorizo (soseji nyekundu ya nguruwe), soseji ya damu, viazi, karoti na kabichi, na unaletewa kwa awamu tatu: kwanza mchuzi wenye tambi nyembamba, pili dengu na mboga, tatu nyama. Nyumba ya La Bola, karibu na ikulu ya kifalme, ipo tangu 1870 na kila mteja anapikiwa kwenye chungu chake kidogo cha udongo juu ya mkaa. Weita anakuja na sahani ina tambi tayari, anainamisha kile chungu anamimina mchuzi peke yake, wa rangi ya dhahabu, unakunywa mpaka mwisho, ndo anarudi kumwaga vilivyobaki, dengu na nyama vinashuka na mvuke wake. Pembeni kuna pilipili za siki na kitunguu kibichi, usiviache, vinakata mafuta. Malacatín, jirani na soko la El Rastro, wao wapo tangu 1895 na sahani yao ni kubwa kweli kweli, nenda na njaa. Lhardy ya 1839 ni ya kifahari na bei zake zinajieleza, ila chini kwenye duka unaweza kunywa kikombe tu cha mchuzi wao ukiwa umesimama, na mimi naona kwa mtu mwenye bajeti ndogo hiyo ni njia nzuri sana ya kuonja nyumba ya kihistoria bila kuumia.

Tanuri za Castilla. Hapa kila mtu atakutajia Botín, nyuma ya Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji wa zamani, imefunguliwa 1725 na kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitambua kama mgahawa mkongwe kuliko yote duniani ambao bado unafanya kazi. Watalii wamejaa ndio, lakini tanuri la kuni ni la kweli na mtoto wa nguruwe anatoka na ngozi kavu inayopasuka ukitafuna. Weka nafasi mapema, kwa intaneti, na kama huli nguruwe agiza cordero, mwanakondoo. Ukipata mahali wameandika lechazo hapo ni mwanakondoo ambaye hajala majani bado, amekunywa maziwa ya mama tu, anachomwa kwenye bakuli la udongo kwa maji na chumvi, basi, hakuna viungo vingine vya kuficha kitu. Uliza tu kama wamempaka "manteca", maana hayo ni mafuta ya nguruwe na wengine wanaweka.

Pweza wa Galicia, pulpo a feira, anachemshwa kwenye sufuria kubwa ya shaba, na mpishi anamtumbukiza na kumtoa mara tatu kabla ya kumwacha ndani, hiyo inasaidia ngozi isichubuke. Anakatwa kwa mkasi, anawekwa kwenye sahani ya mbao, juu chumvi ya mawe, pilipili tamu ya unga na mafuta ya zeituni mengi. Unamla kwa vijiti vya meno. Akiwa mgumu kama mpira hawakumpika vizuri, akiwa uji wamempitiliza, unatakiwa utafune kidogo tu aachie. Ukimaliza chovya mkate kwenye yale mafuta mekundu yaliyobaki kwenye mbao, wote wanafanya hivyo.

Asturias wao ni wa milimani na baharini kwa pamoja. Fabada ni maharage meupe makubwa, laini mpaka yanayeyuka, na chorizo na soseji ya damu ndani yake, chakula kizito, mchana tu tafadhali. Cachopo ni vipande viwili vipana vya nyama ya ng'ombe, katikati wameweka ham na jibini, wakavingirisha na unga wa mkate wakakaanga, ni kikubwa kweli, agizeni kimoja watu wawili. Nenda Casa Hortensia, iko ghorofani ndani ya kituo cha watu wa Asturias mtaa wa Farmacia, kutoka nje huwezi kudhani kuna mgahawa. Au Casa Mingo karibu na stesheni ya Príncipe Pío, ipo tangu 1888, wao ni kuku wa kuchoma, saladi, jibini kali la Cabrales na sidra, basi, menyu fupi bei nzuri. Hiyo sidra ni kinywaji cha tufaha chenye kilevi na ina namna yake: anayemimina anainua chupa juu ya kichwa, glasi iko chini usawa wa nyonga, inadondoka kutoka juu ili ipate hewa, anakuwekea mkupuo mmoja tu na unaunywa palepale, ukikaa nayo unapiga stori imeshakufa.

Paella sasa. Hii ni ya Valencia na ya asili kule ina kuku, sungura, maharage mabichi na zafarani, ya vyakula vya baharini ni ndugu yake. Madrid zipo nzuri ila zipo mbaya nyingi zaidi, na kuzitofautisha ni rahisi. Ya kweli inapikwa ukishaagiza, unasubiri dakika 20 na zaidi, mara nyingi wanataka muwe wawili au zaidi, na ni chakula cha mchana. Wali unakuwa tabaka jembamba, na chini kuna ukoko, wao wanauita socarrat na wanaugombania. Ukiletewa ndani ya dakika tano, wali wa njano inayong'aa umerundikana, hiyo imetoka kwenye friza. Kuna kitu kimoja wageni hawajui: migahawa mingi ya kawaida inaweka wali kwenye menú del día siku ya Alhamisi, sio wa kiwango cha Valencia lakini umepikwa siku hiyo hiyo kwenye sinia kubwa na unaliwa vizuri tu.

Kwa Basque sitasema sana, pale ni nyama kubwa ya mfupa wanayouita txuletón inauzwa kwa kilo, inakuja mbichi katikati, na vile vitafunwa vidogo juu ya mkate kaunta. Andalusia ni samaki wadogo wa kukaanga, na salmorejo, supu nzito baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, wakati wa joto hakuna kinachoishinda. Samaki Madrid usiogope eti mji uko mbali na bahari, soko la jumla la Mercamadrid ni kati ya masoko makubwa ya samaki Ulaya na mzigo unaingia usiku kucha kutoka pwani zote.

Huna muda wa kukaa mezani? Simama kaunta. Casa Labra iko hatua chache kutoka Puerta del Sol, uwanja wa katikati ya mji, ilifunguliwa 1860, na mwaka 1879 chama cha kisoshalisti cha Hispania kilianzishwa mle ndani. Wanauza bacalao, yule samaki wa chumvi aliyelowekwa akakaangwa, kipande kimoja kimoja, unakula umesimama unaondoka. Pembeni ya Plaza Mayor kuna mikate ya ngisi wa kukaanga, bocadillo de calamares, chakula cha barabarani cha Madrid hasa. Kaunta jifunze maneno haya: tapa ni kidogo, ración ni sahani nzima, media ración ni nusu. Mkiwa wawili agizeni nusu nusu tatu nne muonje vingi. Na bei ya kaunta, ya mezani na ya nje barazani inaweza kutofautiana, angalia ubao.

Kwa wasiokula nguruwe, hili linahitaji umakini kwa sababu nguruwe kule anaingia mpaka kwenye mboga. Dengu zina chorizo, maharage mabichi yanakaangwa na jamón (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi), salmorejo inanyunyiziwa jamón juu, croquetas, vile vidonge laini vya kukaanga, nyingi zina jamón ndani, na biskuti za Krismasi zina manteca. Ukiuliza "sin carne", yani bila nyama, mwingine atakuletea jamón akiamini hiyo sio nyama, kwa hiyo uliza wazi: "¿lleva cerdo, jamón o manteca?", yani kina nguruwe, jamón au manteca? Salama zaidi ni pweza, kamba wa kitunguu saumu (gambas al ajillo), bacalao, ngisi, tortilla ya viazi na mayai, na pilipili za Padrón, zile ndogo za kijani za kukaanga. Kwenye samaki wa mchuzi uliza divai pia, "¿lleva vino?". Kipindi cha Kwaresima ndo kizuri zaidi kwenu, Ijumaa wanapika potaje de vigilia, dengu na mchicha na samaki wa chumvi, kwa desturi haina nyama kabisa. Kinywaji agiza mosto, juisi ya zabibu, baa nyingi za zamani wanayo.

Wapenzi wa matumbo nao wana kwao. Callos a la madrileña ni utumbo wa ng'ombe kwenye mchuzi mwekundu mzito (una chorizo, nimeshasema uliza), na mitaa ya Embajadores bado wanakaanga gallinejas, utumbo wa mwanakondoo kwenye mafuta yake wenyewe mpaka unakauka na kulia kachakacha. Vijana wengi wa kule wenyewe hawali tena, na mimi inaniuma kwa sababu nyumba zinazouza zimebaki chache sana, ukipita karibu waunge mkono.

Mambo ya bili. Maji ya bomba ni haki yako bure tangu sheria ya 2022, sema "agua del grifo", ni maji mazuri, usilazimishwe chupa. Mkate ukiletwa bila kuagiza unaweza kuonekana kwenye bili kama "pan", kama huutaki rudisha mapema kabla hujaugusa. Bili haiji mpaka uiombe, "la cuenta, por favor", hata ukae masaa mawili hakuna atakayekufukuza. Tipu sio lazima, watu wanaacha sarafu kidogo. Meza ya Jumamosi na Jumapili mchana kwenye nyumba zenye jina weka nafasi siku kadhaa kabla, ila siku za kazi ukifika saa saba na nusu wanapofungua mlango, mara nyingi unakaa.