Kwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi: karatasi ipi hutangulia ipi

Watu wengi wanaotaka kwenda Ujerumani kuwahudumia wagonjwa na wazee huanza kwa kuuliza bei ya kibali cha kazi. Swali hilo limepinda tangu mwanzo, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2005 mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hapewi kibali cha kazi kama karatasi ya peke yake. Ruhusa ya kufanya kazi huandikwa ndani ya visa, baadaye ndani ya kadi ya ukaazi, na haipatikani mpaka karatasi nyingine kadhaa ziwe zimepatikana kwa mpangilio wake: cheti cha lugha, utambuzi wa elimu, mkataba wa kazi au wa mafunzo, kisha visa. Anayekuuzia "kibali" kabla hujajua Kijerumani na kabla hujauona mkataba anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jambo la kwanza ni kujua umesimama wapi. Ukiwa muuguzi aliyesomea na kusajiliwa nyumbani, njia yako ni kutambuliwa kwa taaluma yako. Ukiwa umemaliza Kidato cha Nne bila taaluma, njia yako ni mafunzo ya kazi ya miaka mitatu yanayoitwa Ausbildung. Aliye na cheti cha kozi fupi ya kulea wazee, ya miezi mitatu au sita, asidanganyike kwamba cheti hicho peke yake kitamfungulia mlango. Ujerumani huwapa wasaidizi wa uuguzi kutoka nje ruhusa ya kazi iwapo mafunzo yao yamefanyika huko au yametambuliwa huko, kwa hiyo wengi wenye vyeti vya namna hii hulazimika kuanza na Ausbildung kama wenzao wasio na cheti.

Lugha ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayokula muda. Kwa visa ya Ausbildung kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni B1, yaani ngazi ya tatu kati ya sita za kupima ujuzi wa lugha, na shule nyingi za uuguzi hupendelea B2, ngazi inayofuata. Muuguzi anayetaka leseni kamili naye huhitaji B2. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, ambayo ina ofisi Nairobi na Dar es Salaam, hukadiria kwamba kufika B1 huchukua vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45, na hapo pigia hesabu mwenyewe: anayesoma vipindi ishirini kwa wiki bila kukosa atahitaji kati ya miezi minne na minane, na anayesoma jioni baada ya kazi atahitaji zaidi ya mwaka. Matangazo ya "B1 kwa miezi miwili" yasome ukiwa na hesabu hiyo mkononi. Mtihani wa B1 una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu hupitishwa kwa alama 60 kati ya 100. Uzuri wake ni kwamba aliyeanguka sehemu moja huweza kuirudia hiyo peke yake bila kulipia mtihani mzima. Usiufanye mapema mno, kwa maana cheti kilichozidi mwaka mmoja mara nyingi hukataliwa kwenye maombi ya visa.

Wakati unasoma lugha, muuguzi aliyesajiliwa aanze kukusanya nyaraka. Ombi la utambuzi hupelekwa kwenye mamlaka ya jimbo utakalofanya kazi, na mamlaka hiyo hulinganisha masomo yako na ya Kijerumani somo kwa somo, saa kwa saa. Hapo ndipo maombi mengi hukwama: diploma na orodha ya alama hazitoshi, bali chuo chako kikuandikie idadi ya saa za nadharia na za vitendo katika kila wodi uliyopita. Dai karatasi hiyo ungali karibu na chuo. Kuifuatilia kwa simu ukiwa mbali ni adhabu. Ongeza uthibitisho wa usajili kutoka baraza la wauguzi la nchi yako, na tafsiri ya Kijerumani iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa. Jibu linalokuja kwa kawaida si "ndiyo" wala "hapana", bali ni waraka unaotaja mapengo yako, nawe utayaziba kwa kipindi cha mazoezi chini ya usimamizi au kwa mtihani wa maarifa. Waraka huo usikuvunje moyo, maana ndio unaotumika kuombea visa ya kwenda kuyaziba mapengo hayo huku ukifanya kazi kama msaidizi. Kwa anayekwenda Ausbildung mambo ni mepesi kidogo: cheti chake cha sekondari ndicho kinachotambuliwa.

Halafu mkataba. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, yana saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo, na mwanafunzi hulipwa. Katika hospitali na nyumba za wazee zinazofuata viwango vya utumishi wa umma, mshahara wa mwaka wa kwanza unazidi yuro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato ya bima na mengineyo. Sheria hiyo hiyo inabatilisha kifungu chochote kinachomtaka mwanafunzi alipe karo au fidia kwa mafunzo yake, kwa hiyo ukikuta kifungu kama hicho, uliza kabla ya kutia saini. Soma pia muda wa majaribio, ambao ni miezi sita, na ujue nani analipia nyumba. "Malazi yapo" haina maana ya "malazi ni bure".

Kuhusu mawakala, Mkenya athibitishe kwamba wakala ana leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kwa Mtanzania, Mganda, Mrundi au Mkongo wa Kinshasa kuna jambo ambalo mawakala hawalitaji: nchi hizo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kanuni za Ujerumani hazimruhusu wakala binafsi kuajiri huko kwa kazi za afya na uuguzi. Wewe mwenyewe hukatazwi kumwandikia mwajiri moja kwa moja. Ujerumani ina pia nembo rasmi ya uajiri wa haki katika uuguzi, na masharti yake ni kwamba gharama za kumtafuta mfanyakazi hubebwa na mwajiri.

Wala mkataba wa uhamiaji ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024 haukubadilisha mpangilio huu. Uvumi wa nafasi 250,000 za kazi ulikanushwa na serikali ya Ujerumani yenyewe, iliyosema kwamba mkataba hautaji idadi yoyote.

Visa huombwa baada ya hayo yote. Tangu Januari 2025 maombi huanzia kwenye mfumo wa kidijitali wa huduma za kibalozi. Unapakia nyaraka, zinakaguliwa, kisha unaitwa kwa alama za vidole na ada ya yuro 75. Mwajiri mwenye haraka anaweza kutumia utaratibu wa kasi kupitia ofisi ya wageni ya mji wake kwa yuro 411. Hakikisha majina na tarehe za kuzaliwa zinafanana katika kila karatasi, maana tangu Julai 2025 hakuna tena nafasi ya kupinga uamuzi ubalozini: aliyekataliwa huomba upya au hufungua kesi katika mahakama ya Berlin. Beba pia cheti cha chanjo mbili za surua, kwani bila kinga hiyo aliyezaliwa baada ya 1970 haruhusiwi kufanya kazi hospitalini.

Ukifika, jisajili kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili za kuhamia nyumba yako, kisha nenda ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kabla visa haijaisha. Utapewa kadi, na mara nyingi pamoja nayo karatasi ya kijani iliyokunjwa, ambayo wengi huitupa kabatini. Ifungue uisome: ndiyo inayotaja mwajiri wako, na mwanafunzi wa Ausbildung anaruhusiwa kazi ya ziada isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kuhamia kwa mwajiri mwingine kabla ofisi haijakubali kunaweza kukugharimu kadi yenyewe. Maneno "Erwerbstätigkeit erlaubt", yaani ruhusa ya kazi yoyote, huja baadaye na ukaazi wa kudumu, ambao aliyehitimu Ausbildung huweza kuuomba baada ya miaka miwili ya kazi ya taaluma yake.