Lenzi ya kustahimili mvua, vumbi na chumvi: mambo ya kukagua kabla ya kutoa hela

Anza na kamera unayoimiliki. Kama bodi yake (mwili wa kamera bila lenzi) haijazibwa kwa sili, yaani mipira ya kuzuia maji na vumbi, lenzi iliyozibwa inakulinda nusu tu, kwa sababu maji yatapita kwenye kitufe cha kupigia picha au mlango wa betri. Kwa Fujifilm, kwa mfano, X-T5 na X-H2 zimezibwa, lakini X-S20 na X-T50 hazikuzibwa, ingawa zote nne zinabeba lenzi zilezile. Mwenye X-S20 ni heri anunue lenzi kwa ubora wa picha, kisha awe na mfuko wa mvua, kuliko kulipia sili ambazo kamera yake haiwezi kuzikamilisha.

Bodi ikiwa sawa, soma jina la lenzi herufi kwa herufi. Fujifilm huandika WR (kifupi cha "weather resistant", inayostahimili hali ya hewa) kwenye lenzi zilizozibwa. XF 35mm f/1.4 R haina WR. XF 35mm f/2 R WR inayo, na ina gramu 170 tu. XF 18-55mm f/2.8-4, ambayo utaikuta na kamera nyingi za mtumba, haijazibwa. XF 16-80mm f/4 R OIS WR imezibwa. Kuwa makini zaidi na lenzi zenye matoleo mawili. XF 23mm f/1.4 ya zamani haina sili, ile ya mwaka 2021 iliyoandikwa R LM WR inazo. Muuzaji akikuandikia "Fuji 23mm 1.4" bila herufi nyingine, dai picha ya maandishi yaliyo kwenye lenzi yenyewe. Jambo moja kwa wapanda Kilimanjaro: Fujifilm hutaja nyuzi 10 chini ya sifuri kuwa kikomo cha baridi cha lenzi za WR, na usiku wa kuelekea Uhuru baridi inaweza kupita hapo.

Canon wameweka sili zao kamili hasa kwenye lenzi za L, zile zenye mstari mwekundu. RF 100-400mm f/5.6-8 inapendwa na watu wa mbugani kwa wepesi na bei yake, lakini haikuzibwa. RF 100-500mm L imezibwa, na bei yake ni ya kuuza kitu. Sony hawana herufi ya namna hiyo kwenye jina, hivyo fungua ukurasa wa sifa za lenzi na utafute maelezo ya kinga dhidi ya vumbi na unyevu. Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN inawachanganya wengi: mpira wake uko kwenye kitako tu, yaani sehemu inayoshikana na kamera. Hapo kamera inalindwa isiingiwe na maji pale lenzi inapoungana nayo, lakini pete ya zumu (ya kuvuta picha karibu) haikuahidiwa ulinzi.

Neno "inastahimili hali ya hewa" peke yake halina kipimo, kila kampuni inajipimia. OM System ni miongoni mwa wachache wanaotaja namba ya kiwango cha kimataifa cha kinga dhidi ya vumbi na maji, IEC 60529. OM-1 pamoja na lenzi ya 12-40mm f/2.8 PRO II zina IP53. Tarakimu 5 inamaanisha vumbi linaweza kupenya kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuvuruga kazi. Tarakimu 3 ni maji ya kunyunyizwa kutoka juu, hadi pembe ya nyuzi 60 kutoka wima. Maji ya bomba, wimbi la bahari na kuzama havimo. Na namba hiyo inahesabiwa pale tu bodi na lenzi zote mbili zimepimwa hivyo.

Sasa shika lenzi mkononi na uigeuze kitako kikutazame. Kwenye ukingo wa nje wa duara la chuma tafuta utepe mwembamba wa mpira. Uguse kwa ncha ya kidole: unatakiwa uwe laini, urudi ukibonyezwa, usiwe na mpasuko wala kutoka kwenye mfereji wake. Usipouona, lenzi hiyo haijazibwa, hata muuzaji aape. Ukiuona, bado haujathibitisha kuwa kuna sili nyingine ndani, kwa hiyo rudi kwenye maelezo ya kiwanda.

Jambo ambalo wanunuzi hulipuuza, nasi tunaliona kubwa kuliko herufi zote, ni jinsi zumu inavyofanya kazi. Lenzi inayorefuka hupanuka kwa ndani, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa kutoka nje. Kila unapoivuta na kuirudisha inapumua kama mvukuto wa mhunzi, na vumbi laini la Amboseli, lile la kitanda cha ziwa kilichokauka, huja na hiyo hewa. Sili hupunguza, hazikomeshi. Kwa anayeshinda kwenye gari la utalii siku baada ya siku, lenzi isiyobadilika urefu ni chaguo bora: Sony FE 200-600mm G na Nikon Z 180-600mm zote huzumu kwa ndani. Ni kubwa na nzito, hilo lazima ulikubali. Kama yako inarefuka, futa mwili wake uliotokeza kabla ya kuurudisha. Matone na vumbi ukiyaacha pale, unayavuta ndani wewe mwenyewe.

Kuna lenzi ambazo kiwanda kimeacha upande wa mbele ukamilishwe na filta. Canon EF 17-40mm f/4 L, ambayo wengi bado wanaitumia kwenye kamera mpya za Canon za RF kwa adapta (pete ya kuunganishia), ni mojawapo. Fujifilm X100V na X100VI, kamera ambazo lenzi yake haitoki, nazo zinahitaji pete ya AR-X100 na filta ya milimita 49. Ukitumia adapta, hesabu kuwa umeongeza kiungo kingine cha kupenyeza maji. Adapta nyingi za bei nafuu hazina mpira upande wowote.

Kwa lenzi ya mtumba, hasa iliyokaa pwani, toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la mwanga hadi mwisho na upitishe tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama mbele kwa pembe. Nyuzi nyembamba zinazotandaa kama utando wa buibui ni fangasi: acha. Chembe chache za vumbi hazionekani kwenye picha. Zungusha pete za fokasi na zumu karibu na sikio. Mkwaruzo ni mchanga. Kisha tazama skrubu za kitako. Kutu hapo ni alama ya chumvi, na chumvi iliyofika kwenye skrubu huenda imefika kwenye nyaya.

Ukishainunua, kumbuka kuwa sili haizuii umande. Wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hutona maji juu ya kitu chenye nyuzi 23 hivi, na chumba chenye kiyoyozi huwa chini ya hapo. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka chumbani na usiufungue mpaka ipate joto, nusu saa hadi saa nzima. Ukitoka ufukweni, ifute kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha kikavu. Ihifadhi kwenye boksi la kufunga lenye vipakiti vya silika na kipimo cha unyevu, asilimia 40 hadi 50. Ukizidi 60 kwa muda mrefu unakaribisha fangasi, ukishuka sana grisi na mpira huumia.

Maji yakiingia ndani, zima kamera, toa betri, tenganisha lenzi na usiiwashe kujaribu. Usiianike juani wala kuizika kwenye mchele, ambao huacha unga. Iweke kwenye boksi la silika. Kama yalikuwa ya bahari, usingoje ikauke. Ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo, chumvi inaendelea kula.