"Enjoin": neno moja, amri mbili

Ndugu mmoja wa kwetu hapa Marekani aliniletea karatasi ya mahakama huku ufunguo wa nyumba uko mkononi. Alikuwa amelitafuta neno "enjoin" kwenye kamusi ya simu, akakuta "amuru, agiza". Akaelewa kwamba hakimu amemwagiza aende kwenye nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe. Kumbe karatasi ilisema "enjoined from entering": amepigwa marufuku kukanyaga pale. Namshukuru Mungu alipitia kwangu kwanza.

Kamusi haikukosea. Neno hili lina sura mbili tangu zamani. Lilitoka kwenye Kilatini "injungere", kumfungia mtu kitu au kumbebesha, likapitia Kifaransa cha kale ndipo likaingia Kiingereza. Shina lake ni ndugu wa "jugum", yaani nira. Mkulima yeyote wa jembe la ng'ombe ataelewa haraka: nira inayomlazimisha ng'ombe kwenda mbele ndiyo hiyo hiyo inayomzuia asitoke kwenye mstari. Sisi tumeyatenga mambo haya. Kwa Kiswahili "amuru" ni neno linalojitegemea, na "kataza" limezaliwa na "kataa". Ndiyo maana tunanaswa.

Basi tazama kineno kinachofuata. Ukiona "enjoined to", unatakiwa kutenda jambo. Ukiona "enjoined from", usithubutu kulitenda. Na wakisema mahakama "enjoined the sale", mauzo yamezuiwa. Kwenye karatasi za mahakama za Marekani maana ya kukataza ndiyo utakayokutana nayo zaidi, mara nyingi pembeni yake pakiwa na "restrained" au "prohibited". Amri yenyewe huitwa "injunction". Mawakili wa kwetu huiita zuio la mahakama.

Wengi hawajui kwamba zuio linaweza kukufunga kabla hujasimama mbele ya hakimu. Katika jimbo la California, ukikabidhiwa samansi ya talaka, zuio limekwisha kuanza, na linamfunga pia aliyefungua kesi. Humtoi mtoto wenu mdogo nje ya jimbo, wala humwombei pasipoti mpya, bila ridhaa ya maandishi ya mwenzako au amri ya mahakama. Kwa hiyo safari ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake Tanga au Kisumu, hata kama tiketi imelipiwa, isubiri kibali. Kuuza au kuhamisha mali nako kumezuiwa, hata iliyo yako peke yako, isipokuwa kwa mahitaji ya lazima au shughuli za kawaida za biashara. Kabla ya kuuza kiwanja cha nyumbani, muone wakili.

Katika mahakama za shirikisho, zuio la dharura lililotolewa bila wewe kusikilizwa huwekewa ukomo wa siku 14, nazo zinaweza kuongezwa. Usikae nyumbani ukizihesabu. Nenda siku ya kusikilizwa, kwa sababu hapo ndipo sauti yako inaingia kwenye faili. Walioko Uingereza wajue kwamba kuvunja zuio ni kuidharau mahakama, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2.

Omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Mahakama nyingi za Marekani humtoa bila malipo. Akifika, muulize mambo mawili kabla hujatia saini popote: nimekatazwa nini hasa, na mpaka lini?